Mlima Wetu si Ule wa Theluji

Hyattsville, Ijumaa jioni

Kwako mwanangu Mariamu,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umeketi, mkanda umefungwa, na jirani yako wa kiti awe mtu mwema asiyekoroma. Mimi mama yako sijambo, ila moyo haujatulia na miguu imevimba kidogo. Baba yako hajambo, anakusalimu. Najua sasa hivi mko naye dukani mnatafuta kufuli la begi, na kesho ndiye atakayekupeleka uwanja wa ndege, lakini salamu ni salamu, na akijua nimeandika barua bila kumtaja atanuna wiki nzima. Mdogo wako Asha hajambo, anakusalimu. Nilimwuliza kwa Kiswahili kama ana neno la kukuambia, akanijibu kwa Kiingereza kwamba anataka chumba chako. Mama Njeri wa chini hajambo, anasema ukikutana na mananasi ya huko uyale na yake. Papa Kalonji wa mlango wa pili hajambo, na mkewe hajambo, na yule mgeni wao aliyekuja kwa wiki mbili mwaka juzi naye hajambo, bado yupo. Jokofu letu ndilo lenye hali mbaya, linanguruma tangu asubuhi, lakini usilitie moyoni.

Mwanangu, soma polepole. Najua kusoma Kiswahili kunakuchosha. Ukikwama mahali, soma kwa sauti, kwa kuwa masikio yako yanajua Kiswahili kuliko macho yako. Watu wa ndege wakikutazama, waache.

Sitakuandikia mambo ya kula, kuvaa na kufunga mlango. Hayo nimeyasema, na baba yako amenikataza nisirudie. Kwa hiyo sitaji habari ya lile sweta la kijani lililo chini kabisa ya begi, wala sisemi kwamba wenyeji wanawaambia huko juu mlimani kuna baridi. Nimepita.

Nimepita pia mambo ya volkano. Unakumbuka ulipoleta habari kwamba mtakaa miezi minne ya masomo kwenye kisiwa chenye mlima unaotapika moto, nikalala siku mbili na kichwa kimefungwa kitambaa. Ni Papa Kalonji aliyeniamsha. Yeye ni mtu wa Goma, volkano kwake ni jirani. Akaniambia, "Mama Mariamu, usiogope bure. Ile kitu inatoaka moshi kwanza. Ukiona moshi, unatembea. Ukiona moto, unakimbia. Watoto wa kwetu wanajuaka ile mbele ya kujua kusoma." Nikamwuliza, na mtoto aliyezaliwa Maryland, anayepanda gari kwenda kununua maziwa mtaa wa pili, atakimbia kweli? Papa Kalonji akafikiri kidogo, akasema, "Umununulie viatu vizuri." Ndiyo maana ya vile viatu. Sasa unajua.

Ninalotaka kukuambia ni jambo moja tu, na ulisome kabla ndege haijatua.

Ile karatasi aliyowatumia Anti Malia, mwalimu wenu wa huko, umenisomea mara tatu pale jikoni ukinitafsiria. Nami nilisikiliza vizuri kuliko ulivyodhani. Nilipenda kwamba huko kila mtu mzima ni Anti au Anko, hata kama hamjazaliwa pamoja. Nikasema hawa ni watu. Nilipenda kwamba hawaingii msituni kimyakimya, wanasimama nje, wanaimba kuomba ruhusa, na wanangoja wajibiwe. Hiyo ni hodi, mwanangu, wewe unaijua. Nilipenda kwamba bakuli la magimbi yaliyopondwa likiwa wazi mezani, hakuna kugombana. Ningeijua sheria hiyo mapema ningepika magimbi hapa nyumbani kila siku ya Mungu. Na uliponiambia kwamba kwao gimbi ni kaka mkubwa wa binadamu, alitangulia kuzaliwa, baba yako akaacha kutafuna akasema, "Basi Temeke nimekula kaka zangu wengi sana." Ukacheka mpaka chai ikakutoka puani.

Lakini uliposoma habari za yule malkia wao, jinsi wafanyabiashara walivyomwondoa kitini na kumfungia chumbani ndani ya jumba lake mwenyewe, hukucheka. Sauti yako ilikatika. Nikaona huyu mtoto haendi kutembea, anakwenda kujifunza. Ndipo hofu yangu ilipoacha kuwa ya volkano, ikawa ya jambo jingine.

Jambo lenyewe liko ukurasa wa pili wa karatasi ile. Jumatatu asubuhi mtakusanyika mahali ambapo ule mlima wao mkubwa unaonekana, na kila mwanafunzi atasimama aseme ametoka wapi. Hasemi mtaa wala namba ya nyumba. Anataja mlima wa kwao, maji ya kwao, upepo wa kwao, na bibi yake na babu yake. Anti Malia ameandika kwamba ardhi ya pale haimjui mtu asiyejitaja, na mtu akishajitaja kwa haki anaweza kufundishwa. Wewe umeshakariri. Nimekusikia bafuni ukijaribu mbele ya kioo. "Mlima wangu ni Kilimanjaro."

Mariamu, mwanangu mpenzi, Kilimanjaro si mlima wetu. Sijawahi hata kuuona. Nimeuona pale ulipouona wewe, kwenye kalenda.

Pumua. Kunywa maji kidogo, ndege hukausha koo.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana uongo wenyewe haukuzaliwa siku moja. Nilipofika nchi hii nilikuwa yaya wa watoto wa mtu wa ubalozini, sijui neno la Kiingereza zaidi ya habari za asubuhi na samahani. Kila siku nilipanda basi moja na mama mmoja mnene, mpole, mwenye kofia. Akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Singida. Akauliza, Singida iko karibu na nini? Nikafikiri sana. Nikamwambia, karibu na Manyoni. Yule mama akashusha macho, nikaona nimemwangusha. Kisha akauliza kwa matumaini, "Kilimanjaro je?" Alikuwa amenitazama kwa macho ya kutaka kupewa kitu, nami sikuwa na kitu kingine. Nikasema, "Karibu."

Hiyo karibu ndiyo iliyonimaliza. Wiki ya pili akawaambia abiria wengine. Wiki ya tatu nyumba yetu ikawa kwenye mteremko wa mlima. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimezaliwa theluji ikianguka, na baba yangu anachuma kahawa, yeye ambaye maisha yake yote alilima uwele na kahawa aliiona mara moja, dukani kwa Mwarabu, akaitema.

Nilijua nitaacha. Nikasema nikipata kazi nyingine, nikipanda basi jingine, nitarudi kuwa Msingida. Lakini uongo ukishapata viti vya kukaa nyumbani kwako hauondoki. Ukazaliwa wewe. Ukaenda shule. Ukiwa darasa la pili mwalimu wako akaniomba nije siku ya mataifa. Unakumbuka? Tulikesha na baba yako tukijenga mlima wa maboksi na pamba. Pamba iliisha, baba yako akataka kumalizia kwa ugali. Nilisimama mbele ya watoto ishirini nikawaambia nilivyokuwa nikichezea theluji asubuhi kabla ya kwenda shule. Wewe ulikuwa kiti cha mbele, mdomo wazi, unaniangalia kama mimi ndiye niliyeuumba. Mwanangu, mtoto wako akikuangalia hivyo mara moja, unaweza kuendelea kudanganya miaka mingi ili akuangalie tena.

Baba yako ndiye aliyejua. Tangu siku hiyo tukiwa peke yetu ananiita Mangi, kama chifu wa Wachaga. "Mangi, leo tunakula nini?" Nikimwambia basi tumwambie mtoto kwao ni kwa baba yake, anasema yeye ni mtu wa Temeke, mlima pekee aliokua akiuona ni rundo la mchanga wa ujenzi, na siku moja walikuja na lori wakauchukua.

Halafu ile harusi ya Temple Hills. Wewe ulidhani niliumwa tumbo. Sikuumwa. Alikuwepo Bwana Lyimo, mtu mzima, suti ya kijivu, Mchaga wa kweli kutoka mlimani. Mtu akamwonyesha kwangu: "Huyu mama ni wa kwenu!" Bwana Lyimo akaja amefungua mikono yote miwili. Akanisalimu kwa Kichaga. Nikakohoa. Akarudia salamu, nikakohoa zaidi. Akaingia kwenye Kiswahili, "Pole dada yangu. Ni wa wapi hasa? Machame? Kibosho? Marangu?"

Nikasema, "Pale katikati."

"Katikati ya wapi na wapi?"

"Ya hizo zote."

Akanitazama. "Ukoo gani?"

"Tulihama mapema," nikasema, nikakimbilia jikoni. Saa tatu nzima nilikosha sufuria za watu nisiowajua. Mama Njeri akanikuta huko, mikono imekunjamana kama ya mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni. "Wewe na hizo sufuria mna maneno gani?" Ikabidi nimwambie. Akacheka mpaka akakaa sakafuni na gauni lake la sherehe. "Woi! Mimi ni wa Nyeri, Mlima Kenya nilikuwa nauona nikikamua ng'ombe, na hakuna Mzungu nimewahi kuambia. Ati wewe huna mlima na ndiye unajenga na pamba!"

Mwanangu, unaweza kujiuliza kwa nini sikutaja kwetu tu na yakaisha. Nami nimejiuliza leo mchana wote nikipiga pasi nguo zako. Hofu ya watu wa basi ilikuwa ndogo. Kubwa ni kwamba kwetu kuna kilima, nacho nilikikimbia.

Kinaitwa Mwighanji. Si kirefu, ukianza kupanda na ndizi mkononi unafika juu hujaimaliza. Ni mawe matupu, makubwa kama nyumba, moja limepanda juu ya jingine kama waliogombania nafasi. Katikati ya mawe wanakaa pimbi, wanyama kama panya wanene wasiokuwa na mkia, wanaota jua na kukuangalia kama wazee wa baraza. Upande wa chini kuna mwamba bapa, na hapo ndipo bibi yako, mama yangu, Mwajuma binti Ntandu, alipopura uwele kila mavuno. Akipura huku anasema na mawe. Ukimwuliza anasema na nani, anasema, "Na wenyeji."

Siku ya mtihani wa darasa la nne, mimi nilikwenda Mwighanji badala ya kwenda shule. Nilikuwa najua kusoma, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma. Nilijua kusoma kuliko wengi. Lakini yule mwalimu alikuwa ametuambia atakayeshindwa atasimamishwa mbele ya wazazi wote, nami nikaona ni heri nisiulizwe kabisa kuliko niulizwe nikose. Nikajificha kwenye ufa wa jiwe pamoja na pimbi. Kutoka pale juu niliwaona wenzangu wakiingia mmojammoja, na mlango ukafungwa. Jioni mama alinikuta. Hakunipiga. Alikaa kwenye mwamba akaniuliza, "Umemaliza kuangalia?" Shule ikaishia hapo. Darasa la tano lilikuwa la waliofaulu.

Tangu siku ile sikukipenda kile kilima, kwa sababu kilikuwa kimeniona. Nilipopata njia ya kuondoka, niliondoka bila kugeuka. Na yule mama wa basi aliponipa mlima mwingine, mkubwa, mweupe, usionijua, nikaupokea kwa mikono miwili.

Kama hadithi ingeishia hapa nyumbani, labda ningekufa Mchaga. Lakini wiki tatu zilizopita Anti Malia alipiga simu kuzungumza na wazazi. Wewe ulikuwa kazini. Baba yako akanisukumizia simu kama sahani ya moto. Kwa Kiingereza changu hiki cha kazini, cha kuwafunika wagonjwa mablanketi, nikamwelewa anauliza mtoto ni wa mlima gani. Nikasema Kilimanjaro. Kisha nikasikia sauti imebadilika, kama mtu aliyeshika kifua. Akasema, na sisi mlima wetu una theluji. Akasema, basi binti yako atasimama wa kwanza, mbele ya wazee, asalimu mlima wetu kwa niaba ya mlima wake. Theluji isalimiane na theluji. Nikasema, asante. Nikakata simu, nikakaa chini ya meza ya jikoni.

Jana nilikuita nikwambie. Nilikuwa nimejipanga maneno. Ukaingia jikoni, ukasema, "Mama, sikiliza," ukasema maneno yako yote kwa Kiswahili, wewe ambaye kuomba chumvi unaomba kwa Kiingereza. Na ulipofika kwenye jina la bibi yako ukafumba macho. Nikakupa chapati. Chapati mbili.

Leo asubuhi nikasema, basi nimwambie Anti mwenyewe, mtoto asiaibike. Saa tatu asubuhi nikapiga. Ikaita, ikaita. Akapokea mtu anahema. Sikujua kwamba huko wao walikuwa bado usiku wa manane! Anti akasema, "Nani amefariki?" Nikasema hakuna aliyefariki, ni mama yake Mariamu. Akasema, "Mariamu amefariki?" Nikasema hapana, hapana, yuko bafuni. Akangoja. Mwishowe nikamwuliza, "Je, kuna baridi?" Akasema si sana, alete sweta. Akanitakia usingizi mwema. Kwa hiyo la sweta si mimi peke yangu.

Ndiyo maana nimekaa kuandika. Nikiandika, hunitazami.

Nimewaza kunyamaza. Ungesimama, ungeutaja ule mlima, ungesifiwa, na hakuna mtu kule ambaye angejua. Lakini nimewaza pia wale watu. Walinyang'anywa nchi, wakanyang'anywa malkia, na kilichowabaki ni kujua kila mvua kwa jina lake na kila mtu kwa mlima wake. Halafu aje mtoto wangu awape jina nililookota kwenye basi? Na wewe mwenyewe, uliyefumba macho kwa ajili ya bibi yako, ungekuwa unamtafuta mlimani kwa watu, naye yuko Mwighanji anapura uwele.

Kwa hiyo chukua haya. Ni machache, lakini ni yako.

Mlima wako ni Mwighanji, Singida. Wakiuliza urefu, sema unatosha kuona shule.

Maji yako ni kisima cha mchangani kwenye korongo la chini ya kilima. Korongo hilo lina maji miezi miwili, miezi kumi unachimba kwa mikono mpaka mchanga uanze kulia. Wenzako watataja mito na maporomoko. Usione haya. Maji yetu hayaporomoki, yanaombwa.

Upepo wako ni ule wa kiangazi, unaotoka mashariki na kung'oa mapaa. Watu wa huko wana majina ya pepo zao zote, umeniambia. Sisi wetu tuliuita Huyo. "Huyo amekuja, ingizeni vyombo." Sijui kama hilo ni jina, lakini aliitika.

Bibi yako ni Mwajuma binti Ntandu, aliyesema na mawe. Mama yako ni Hadija, aliyejificha ndani ya mawe hayo. Hilo la pili unaweza kulisema au ukaliacha, mimi nimekupa ruhusa.

Najua utakasirika. Utakasirika vizuri, maana una hasira ya baba yako, ya kimyakimya yenye kufunga milango. Kasirika hukohuko angani, ufike nayo nusu. Kisha ukishuka umtafute Anti Malia kabla ya Jumatatu, umwambie mama yako aliogopa, na leo asubuhi alipopiga simu alikuwa anataka kusema hivi. Akikutoa mstari wa mbele, nenda ukasimame nyuma. Akikuacha mbele, simama mbele. Mimi nimeshindwa kumwambia mara mbili, na nina miaka arobaini na tisa. Wewe una kumi na tisa, na hujawahi kukosa mtihani.

Nasikia gari la baba yako linaegeshwa. Anagonga ukingo wa njia kama kawaida. Naikunja barua hii niiweke ndani ya kitabu unachosoma, mahali ulipokunja ukurasa.

Mwanangu, usiniandikie barua ndefu, utakuwa na masomo. Wala usipige simu, nitalia na gharama itakuwa yako. Jumatatu hiyohiyo nunua kadi ndogo, ile yenye picha upande mmoja, uiweke posta kabla jua halijazama. Usiandike salamu, wote hapa hawajambo nimeshakwambia. Andika jina la mlima ulioutaja, hilo tu, neno moja. Nitakuwa nashuka kwenye sanduku la barua kila siku kuanzia Jumanne, najua haitakuwa imefika, nitashuka tu.

Ni mimi mama yako,
Hadija, mtu wa Singida